Zamu ya Marehemu Nanyaro

Vifaranga arobaini na wawili wa Mama Lesian walikufa maji siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, jua linawaka na watu wote wako mashambani. Naisiae alisikia kelele akiwa jikoni, akamfunga mtoto mgongoni na kukimbia na mwiko mkononi. Alipofika alikuta maji yameingia bandani upande mmoja na kutokea upande wa pili, yamebeba pumba na manyoya. Mama Lesian, mjane aliyekuwa amejenga banda hilo kwa mikono yake, alikuwa amepiga magoti kwenye tope akiokota vifaranga na kuwapanga juu ya gunia, mmoja mmoja, kana kwamba kuna atakayeamka.

Hatua thelathini juu ya banda, kwenye ukingo wa mfereji, baba mkwe wake Naisiae alikuwa amesimama ameegemea jembe. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyemaliza kazi na kuiona imekaa vizuri. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa mgawa maji wa mfereji huu wa Kikwe. Mashamba thelathini na nane, siku kumi na nne, kila moja na zamu yake, na zamu zote zilikuwa kichwani mwake. Hapakuwa na karatasi popote.

Frederick, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, alipanda ukingo akihema. Alikuwa na hasira, lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo, Mzee Kaaya."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, leo ni zamu ya nani?"

"Ya Nanyaro. Amechelewa, nimemfungulia mwenyewe. Akija atakuta maharage yameshakunywa."

Watu waliokuwa wamekusanyika walitazamana. Nanyaro alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini, na Mzee Kaaya alikuwa mmoja wa waliomshusha. Shamba lake lilikatwa vipande likauzwa. Kipande cha chini alikinunua Mama Lesian, akaufukia mchepuo wa maji uliopita pale na kujenga banda juu yake. Asubuhi ile mzee alikuwa ameufukua mchepuo huo kwa juu, kwa uangalifu, kingo zimenyooka kama zilivyokuwa zamani.

"Basi marehemu alipe vifaranga," alisema mtu nyuma, na wawili watatu wakacheka.

Mzee aligeuka kumtafuta aliyesema. Kisha akalitazama banda. Akayatazama maji, akalitazama jembe, akalitazama banda tena. Naisiae aliuona uso wake ukibadilika polepole, akatamani angekuwa ameangalia pengine. Mzee alivua kofia.

"Nanyaro alishakufa," alisema, si kwa mtu yeyote.

Frederick alinyoosha mkono. "Lete jembe, Mzee. Kamati itakaa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwa sasa nitagawa mimi."

Jembe lile halikuwa la nyumba yao. Lilikuwa la mfereji, na aliyelishika ndiye aliyeshika maji ya watu wote. Mzee alilifuta tope kwa kiganja kwanza, ndipo akalitoa. Akaanza kutembea kurudi nyumbani, kofia bado iko mkononi, na watu wakampisha njia kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Naisiae alibaki amesimama na mwiko wake. Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua zaidi yake. Asubuhi ile mzee alipita mbele ya jiko akielekea juu, na Jumanne ya zamu ile haelekei juu, anaelekea chini kwa akina Pallangyo. Alimwona. Alijua anapotea. Akasema shikamoo, akaendelea kusonga uji.

*

"Tutasema malaria," alisema Ndesanjo, mume wake Naisiae.

Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya mawe, nywele zimejaa vumbi, na jua la jioni lilikuwa bado kwenye migomba. Naisiae alimtilia maji ya kunawa.

"Hana malaria, Baba Kasaine."

"Nani atampima? Homa ilipanda, akaweweseka, ikashuka. Kila mtu ameshaweweseka kwa malaria. Nitampelekea Mama Lesian jogoo na vifaranga wengine, nitaomba radhi, basi, yamekwisha."

"Yakitokea tena?"

Ndesanjo alinawa uso. Naisiae akaketi, akamweka mtoto kwenye ziwa, na akasema yote bila kumtazama. Kwamba mzee alitia chumvi kwenye chai mara mbili wiki iliyopita, akainywa ili asionekane amekosea. Kwamba humuulizia ng'ombe mwekundu waliyemuuza wakati wa harusi yao. Kwamba zamani alikuwa akizitaja zamu asubuhi huku anakunywa chai, kama mtu anayesali, na sasa anahesabu kwa vidole na kurudia vidole vilevile.

"Umeyaona haya tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua za vuli."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje? Kwetu mkamwana hata jina la baba mkwe halitamki. Nimkosoe kazi yake?"

"Hapa siyo kwenu Ngaramtoni."

"Ningekwambia wewe, ungenisikia?"

Ndesanjo alijifuta uso kwa shati. Alikuwa mtu mwema, na alijua jibu.

Naisiae akamwambia pia kuhusu tangazo. Siku ya kumpima mtoto uzito, muuguzi alisema kuna madaktari mjini, upande wa Levolosi, wanatafuta wazee walioanza kusahausahau. Wanataka kuona sehemu za ubongo zinavyounganika. Kipimo ni bure.

"Bure? Wanataka nini kwake?"

"Wanataka kujua."

"Na wakishajua?"

"Na sisi tutakuwa tumejua."

"Nitakwenda," ilisema sauti ya mzee kutoka barazani. Muda wote alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ukuta wa mbao. "Nikiwa na malaria, itatibiwa. Nikiwa na hilo lingine, nataka nilione sura yake."

*

Binti wa mapokezi kule Levolosi hakumtazama mzee. Alimtazama Naisiae.

"Jina la mgonjwa?"

Naisiae aliangalia meza. "Naomba kalamu, dada. Nitaliandika."

"Nitajie tu, mimi naandika. Kuna foleni."

"Naomba kalamu."

"We dada, hujui hata jina la baba yako?"

Watu kwenye viti waliinua vichwa. Mwanamke mmoja aliguna. Naisiae alihisi masikio yakiwaka, na mtoto mgongoni akaanza kurusha miguu.

"Analijua," alisema mzee. "Hawezi kulitaja kwa sababu ya adabu, siyo kwa sababu ya ujinga. Andika Elinami Kaaya. Na hapo uliposema mgonjwa, acha wazi kwanza."

Daktari Bijal alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mzaliwa wa mtaa huohuo. Alimwamkia mzee kabla ya kukaa. Mzee akamuuliza jina la familia, na alipoambiwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Kwenu kulikuwa na duka la vipuri vya pampu. Mlango wa kijani. Mzee mmoja mnene, akikataa kupunguza bei anakupa karanga."

"Huyo ni babu yangu," daktari alisema, naye akacheka. "Umemkumbuka kuliko mimi."

"Sasa unaona. Kichwa ni kizima."

"Ya zamani huwa yanakaa, Mzee. Hebu tujaribu ya leo."

Alimtajia maneno matano, akamwomba ayashike: ndoo, kengele, shati, mbuzi, chumvi. Akamwambia achore saa, mishale ikionyesha saa tano na dakika kumi. Mzee alichora duara safi, akaweka namba zote upande mmoja, akaitazama kazi yake, akaifunika kwa kiganja kama mwanafunzi. Alipoulizwa maneno yale matano, alisema ndoo, na mbuzi. Akangoja. Naisiae alikuwa nayo yote mdomoni, yanamwasha kama pilipili. Akayameza.

Kisha wakampeleka kwenye mashine. Alikaa humo karibu nusu saa, na alipotoka alisema ni kama kulazwa ndani ya bomba la saruji huku mafundi wanagonga mabati nje.

"Ulilala, Baba?"

"Nani alale kwenye kelele zile? Nilikuwa nazipanga zamu." Akavaa kofia yake. "Zilinikatikia katikati."

*

Jumatano iliyofuata walirudi kusikiliza majibu. Daktari Bijal aliwageuzia kioo cha kompyuta. Ilikuwa picha ya ubongo, na ndani yake nukta nyingi zilizounganishwa kwa mistari, mingine minene, mingine hafifu.

"Mzee, kila nukta ni sehemu yenye kazi yake. Hii inashika mambo mapya. Hii inapanga. Hii inajua uko wapi. Hakuna inayofanya kazi peke yake, lazima zipeane habari. Tumelinganisha na watu wa umri wako wasio na shida ya kusahau. Huu mstari wa huku nyuma, kwako umefifia. Na huu wa mbele umekoza kuliko wa kwao."

Mzee alisogeza kiti. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata mstari bila kugusa kioo.

"Huku mfereji umejaa tope," alisema. "Na huku maji yamezidi. Yamepasua ukingo, au kuna mtu ameyageuza makusudi?"

Daktari alimtazama, kisha akaitazama picha kama anaiona upya. "Tunadhani yamegeuzwa. Ubongo ukiona njia moja inafifia, unajaribu nyingine. Tunadhani. Hatujui yote, ndiyo maana tunapiga hizi picha. Na picha peke yake haisemi una nini. Yale maswali, na haya aliyonieleza mkamwana wako, ndiyo yamesema."

"Yamesema nini?"

"Kumbukumbu yako imepungua kuliko inavyopaswa kwa umri wako. Imepungua kidogo. Hujarukwa na akili, na hujalogwa. Unajivalisha, unajilisha, unajua uko wapi na uko na nani. Wapo wanaobaki hapo ulipo miaka mingi. Wapo wanaopata nafuu. Wapo wanaoendelea kushuka. Wewe ni yupi, sijui bado. Tutaonana baada ya miezi sita."

"Dawa ya kuzibua?"

"Hakuna, Mzee. Nisikudanganye. Lakini presha yako iko juu, hiyo tutaitibu. Sikio la kushoto limeziba nta, tutalisafisha leo. Tembea. Kaa na watu. Na ile kazi yako, usiiache yote, ila usiifanye peke yako. Uwe na mtu."

"Mtu wa kufanya nini?"

"Wa kukwambia ukikosea. Hapohapo, kabla hujaendelea."

Mzee aligeuka akamtazama Naisiae. Naisiae akakitafuta kiatu cha mtoto kilichoanguka chini ya kiti, akakitafuta kwa muda mrefu kuliko ukubwa wa chumba.

Jioni waliposhuka barabarani, walitembea njia ya shambani, Naisiae nyuma hatua tatu kama kawaida. Mzee alisema bila kugeuka.

"Ile Jumanne ulikuwa jikoni."

"Ndiyo, Baba."

"Uliniona napita."

"Nilikuona."

"Ukajua naelekea kubaya."

"Nilijua."

"Ukasema nini?"

"Nilisema shikamoo."

"Na mimi nikaitika marahaba." Alitembea hatua kadhaa. Mabega yake yalitikisika, na Naisiae hakujua kama analia mpaka aliposikia kicheko, kidogo na kikavu. "Basi tumewaua vifaranga wa watu kwa adabu, Mama Kasaine. Mimi na wewe."

Siku iliyofuata, kabla hajateka maji, Naisiae alikwenda kwa Mama Lesian na kumwambia jambo lile la jikoni. Mama Lesian alimsikiliza akiwa ameshika ufagio. Hakumkaribisha ndani. Lakini hakumfukuza.

*

Kamati ilikaa kwenye darasa la watoto la kanisa, na watu wazima walikunja magoti hadi kifuani kwenye vibenchi vya chini. Frederick peke yake alikuwa na kiti. Jembe la mfereji lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma yake.

Ndesanjo alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa shati la harusi yao. "Ndugu zangu, niseme kwa niaba ya nyumba yetu. Baba siku ile alikuwa na homa kali, na homa yenyewe ya malaria..."

"Kaa chini, mwanangu," alisema mzee.

"Baba, niache nimalize."

"Kaa. Umenitetea vizuri, sasa kaa."

Mzee alisimama. Aliwaambia alikokwenda, mashine aliyolazwa, mistari aliyoonyeshwa. Aliwaambia kuna njia kichwani mwake zimejaa tope na daktari hana jembe la kuzizibua. Hakupunguza kitu. Wengine walitazama michoro ya watoto ukutani.

"Na maji humo kichwani yapo?" aliuliza yule aliyesema kuhusu marehemu.

Kicheko kilipita. Mzee naye alicheka. "Yapo, Sumari. Zamu ndiyo zimevurugika."

Frederick alikohoa. "Mzee, sisi tunakuheshimu. Lakini maji ni ya watu thelathini na nane, na kiangazi hakisubiri. Naomba utaje zamu hapa. Ya kwanza hadi ya mwisho. Ukizitaja, chukua jembe lako."

Ndesanjo alitaka kusimama tena, mzee akamzuia kwa mkono. Akaanza. Urio. Nasari. Mama Pallangyo wa juu. Alizitaja kwa mwendo wake wa zamani, na nyuma kabisa, kati ya wanawake, midomo ya Naisiae ilikuwa ikienda naye bila sauti. Walifika kumi na moja pamoja. Hapo mzee alisema Nasari. Akasita. Akasema Nasari tena. Alitazama vidole vyake, na hakuna aliyecheka sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Inatosha, Mzee," Frederick alisema kwa upole.

"Haitoshi. Zimebaki ishirini na saba, na zote ziko mle nyuma." Alielekeza bila kutazama. "Mkamwana wangu ananisikia nikizitaja kila asubuhi mwaka wa tano huu. Muulizeni."

Vichwa vyote viligeuka. Sumari akasema, "Mwanamke agawe maji sasa?"

"Sijasema agawe. Nitagawa mimi. Najua udongo gani unakunywa haraka na ukingo gani unadanganya, hilo halijatoka. Yeye atembee nyuma yangu. Nikielekea kubaya, aseme. Akisema, nisimame. Siku nisiposimama, mninyang'anye jembe siku hiyohiyo na nisilione tena."

Frederick alimtazama Naisiae. "Wewe mama. Utaweza kumkatalia mkweo mbele za watu?"

Naisiae alisimama. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, mzito. Alitaka kusema ndiyo, kwa sababu ndiyo ingelimaliza jambo.

"Sijui," alisema.

Minong'ono ilianza. Mama Lesian akainuka kutoka kibenchi chake, akishika goti. "Huyu binti alikuja kwangu kwa miguu yake kuniambia aliona na akanyamaza. Hakuna aliyemtuma. Mwenyekiti, ungekuwa wewe, ungekuja?"

Frederick alijikuna shingo.

"Mimi ndiye niliyefiwa na kuku," aliendelea Mama Lesian, "na mimi nasema wapewe mwezi mmoja. Yakiingia tena bandani kwangu, sitakuja kwenye kikao. Nitakuja na panga."

Wakapewa mwezi mmoja.

*

Siku ya kwanza walitoka pamoja umande haujakauka. Mzee mbele na jembe begani, Naisiae nyuma hatua tatu. Habari ilikuwa imesambaa, na watu walikuwa na kazi nyingi ghafla karibu na mfereji. Wengine walipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Mama Lesian alikuwa ameegemea mlango wa banda lake, mikono kifuani.

Malango matatu ya kwanza mzee aliyafungua bila kosa. Alijua jiwe la kukanyaga, alijua pa kupiga udongo ili maji yasirudi. Akitembea, mwili wake ulionekana kukumbuka kabla yake. Naisiae alianza kupumua.

Lango la nne lilikuwa la Frederick. Vitunguu vyake vilikuwa vimelegea kwa kiu, na mwenyewe alikuwa amesimama kando, na viatu vya mpira. Zamu yake ilikuwa Ijumaa. Mzee alisimama, akalitazama shamba lile, akateremsha jembe begani, akalipiga kwenye udongo wa lango.

Frederick alikuwa na macho. Aliona. Akatazama vitunguu vyake, kisha akatazama viatu vyake, na hakusema kitu.

"Baba," alisema Naisiae. Maji yaliimeza sauti yake.

Jembe liliinuka tena. Bonge la udongo lilikwisha kulegea, na uzi wa maji ulikuwa unapenya.

Alimkumbuka mama yake, na namna alivyofundishwa kuinamisha macho. Akayainua.

"Baba, siyo hapa. Hapa ni Ijumaa. Leo ni kwa Pallangyo wa chini."

Jembe lilibaki hewani. Mzee alikuwa amempa mgongo, na shingo yake, nyembamba, yenye mikunjo, haikugeuka. Wapaliliaji wote walikuwa wameacha kupalilia. Naisiae alihesabu pumzi za mtoto mgongoni, moja, mbili, tatu, nne, akijua kwamba mzee asiposimama sasa wamekwisha, na kwamba akisimama, nyumbani itabidi wapate namna nyingine ya kutazamana.

Mzee aliteremsha jembe taratibu. Akakanyaga bonge la udongo kwa kisigino, akalishindilia mpaka uzi wa maji ukakatika.

"Sema tena," alisema. "Kwa sauti. Wa kule chini hawajasikia."

Naisiae akageukia bonde, akavuta pumzi, akapaza sauti.